Mama Kemilembe, Aliyerudisha Mali Iliyokwisha Kuuzwa

Alhamisi, tarehe 31 Desemba 1998, Mama Prudencia Kemilembe, Mkuu wa Bohari wa kiwanda chetu cha minofu hapa Ilemela, atakabidhi funguo na kustaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Wameomba uwe wa heshima, uwe mfupi, na usiwaudhi wageni waalikwa. Kuhusu heshima sina neno. Hayo mengine mawili tutaona.

Mama Kemilembe alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, mwaka 1943. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa ambaye, kwa maelezo ya mwanawe, hakukubali hata siku moja gunia lake liwekwe kwenye mzani wa chama cha ushirika kabla hajaoneshwa mzani ukiwa mtupu. Makarani walimchukia kweli kweli. Kwa hiyo wale mnaoulizana kila mwaka huyu mama katoa wapi roho ngumu, jibu ndilo hilo, karithi. Alisoma sekondari kwa masista, akachukua mafunzo ya ugavi Dar es Salaam, na mwaka 1971 akaja Mwanza kuwa karani wa bohari katika shirika la umma la barafu na samaki, ambalo ndilo lililozaa kiwanda hiki.

Wakati ule, ninyi vijana mliokuja juzi, mtu wa bohari alikuwa mtu wa kushukuru. Kitu kikishushwa kutoka makao makuu unapokea, unapiga muhuri, unasema ahsante. Likija jembe lisilo na tundu la mpini, ahsante. Ikija ndoo yenye tundu, ahsante pia. Mama Kemilembe hiyo ahsante hakuijua. Neno lake lilikuwa moja na mpaka leo ni hilo hilo: "Sijaona, sijapokea." Hata mkurugenzi akiwa amesimama pembeni anatazama saa, yeye anafungua boksi, anakigeuza kitu, anakijaribu, ndipo anasaini.

Wazee wa kiwanda watakumbuka makoti. Yaliletwa makoti ya kuvaa ndani ya chumba cha baridi, mazuri kwa macho, vifungo vinang'aa, ila ndani hayakuwa na pamba wala sufi. Kilikuwa kitambaa juu ya kitambaa. Ofisa aliyeyaleta alisema yamekaguliwa na wataalamu. Mama akamwambia vema, basi na wewe vaa moja, nikutembeze uone mitambo yetu. Akamwingiza chumba cha baridi, mlango ukafungwa, akaanza kumsimulia habari za mtambo wa barafu tangu enzi za mkoloni, taratibu, kwa heshima zote, haruki hata boliti moja. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta mbili chini ya koti lake la zamani. Hawakufika hata uhuru. Ofisa yule aliomba kwa kinywa chake makoti yarudi Dar na treni ya siku hiyo hiyo.

Tulicheka sana, lakini wabeba barafu walipata makoti yenye pamba, na hilo ndilo Mama alilokuwa akilitaka. Wanaomwita mkorofi hawamjui. Yeye aliona jambo ambalo wakubwa wengi hawalioni: bosi akiona haya kukataa kitu kibovu, anayeuvaa ubovu huo ni mtu wa chini. Hilo lilimchoma rohoni. Lilimchoma mwaka 1971 na linamchoma hadi leo.

Mwaka 1993 shirika likauzwa. Wenzetu wengi walipunguzwa kazi, tuliobaki tukaingia soko huria. Loo, vitu vilivyojaa mjini! Redio, pasi, baiskeli, majenereta, kila kitu ruksa. Na ukutani kwa kila muuzaji kibao: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Sisi tuliotoka kwenye foleni za sukari tulikisoma kibao kile kama amri ya Musa. Nani angethubutu kubishana na duka lenye vitu? Mama Kemilembe alikuwa akisimama mbele yake, anakisoma kwa sauti, kisha anamuuliza mwenye duka, kwa upole kabisa, sheria hiyo imepitishwa na bunge gani. Ukienda naye sokoni ujue utachelewa kurudi.

Sasa nifike kwenye habari ambayo uongozi ungependa niipitie juu juu. Sitaipitia juu juu.

Mwaka 1995 kiwanda kilinunua foko, lile gari dogo la kuinulia mizigo lenye mikono miwili ya chuma mbele. Lilikuwa gari la umeme, linatembea kwa betri, na kwa wengi wetu lilikuwa la kwanza kuliona. Foko la dizeli haliwezi kuingia kwenye minofu, maana moshi unashika nyama ya sangara na mnunuzi wa Ulaya hataki hata kusikia. Kabla ya hapo katoni zote zilipanda mabegani mwa watu. Aliyetuuzia ni Mzee Gidion Otuoma, mtu wa Mara mwenye yadi ya mashine kule Nyakato, mcheshi, sauti nene, anapendwa na kila mtu, na mimi nikiwemo. Udereva akapewa Nkwabi Mayala wa Misungwi, baba wa watoto wanne, aliyekuwa akiendesha trekta kwenye kinu cha pamba mpaka kinu kilipofungwa.

Hapo ndipo Mama alipoteleza, na leo nitamtania kwa kuwa anastaafu na hawezi tena kuninyima glavu. Huku kwetu ziwani hakuna chombo kinachoingia kazini bila jina na bila supu. Mtumbwi mpya unapakwa rangi, unaandikwa jina, mbuzi anachinjwa, ndipo unagusa maji. Sisi tukaliona foko letu kama mtumbwi. Tukalipaka bluu ya kiwanda lote, na ubavuni tukaandika kwa herufi nyeupe WAACHE WASEME, jina alilolichagua Nkwabi mwenyewe. Padri akalinyunyizia maji ya baraka. Na rangi ilitoka wapi? Bohari! Mama yule yule wa sijaona sijapokea alitoa makopo kwa mikono yake, wakati foko halijainua hata katoni tupu. Kilikuwa kitu kipya cha kwanza tulichokinunua wenyewe bila kugawiwa na mtu, na furaha ilimlevya kama ilivyotulevya sote.

Ila hata katika furaha ile adabu yake haikulala. Malipo ya mwisho yalikuwa bado, na hundi ilikuwa kwenye mkoba wake. Meneja alikuwa na haraka ya safari, akataka muuzaji akabidhiwe hundi kabla ya chakula. Mama akakataa. Alisema kwao mahari haitolewi mpaka baba amekula na amenena. Basi Mzee Otuoma akakaribishwa meza kuu, akapewa firigisi kama mgeni wa heshima, akala, akafuta mdomo, akasimama. Maneno yake tuliyasikia kiwanda kizima: "Leo nimewaozesha binti yangu. Mtunzeni. Akiwasumbua msimtukane, mrudisheni kwa baba yake, na mahari yenu mtaikuta." Vigelegele vilivyopigwa, mwe! Ndipo Mama akainuka, akapiga goti kidogo, akamkabidhi hundi kwa mikono miwili.

Binti alianza vituko wiki ile ile. Alikuwa akifanya kazi vizuri mpaka amebeba mzigo, ameuinua juu kabisa, ndipo anazima. Haendi mbele wala nyuma, mikono haishuki, katoni ziko hewani juu ya vichwa vya watu. Fundi wa Mzee Otuoma anakuja, anafungua, anafunga, anasema tayari. Siku chache nzuri, kisha anazima tena. Fundi anarudi, anabadilisha kifaa, anasema sasa ndiyo kabisa. Anazima tena. Siku moja paleti nzima ya katoni iliteleza ikaanguka mahali alipokuwa amesimama Nkwabi kabla ya kwenda kunywa maji. Baada ya hapo kila foko lilipowashwa akina mama wa minofu walikuwa wakijipiga ishara ya msalaba, na Waislamu wetu wakimtaja Mola wao.

Na visingizio navyo vilikuja kwa zamu. Kwanza tuliambiwa ni umeme wetu wa mgao, unakatika katika na kuichosha betri. Mama akaagiza betri ichajiwe kwa jenereta la kiwanda tu. Likazima. Tukaambiwa ni baridi. Baridi! Gari tuliuziwa kwa ajili ya chumba cha baridi! Visingizio vyote vilipokwisha, yadi wakasema tatizo ni dereva, ana mguu mzito, amezoea trekta. Na uongozi wetu, badala ya kucheka, ukakubali. Ilikuwa rahisi kwao kumsema Nkwabi kuliko kumsema Mzee Otuoma, rafiki wa meneja. Nkwabi akasimamishwa kazi, akaambiwa mwisho wa mwezi atapewa barua ya kufukuzwa kwa kuharibu mali ya kampuni.

Nataka mlielewe hilo vizuri. Viwanda vya Mwanza vinajuana. Dereva akifukuzwa kwa kuharibu mashine hapa, hapati usukani popote kandokando ya ziwa hili. Nkwabi si mtu wa maneno. Alikuja bohari kurudisha koti lake na buti, akaviweka juu ya meza, vimeoshwa. Mama Kemilembe akavitazama. Akamwambia chukua vitu vyako, sijavipokea.

Alikwenda kwa meneja, akaambiwa asiingilie mambo ya utawala, na akakumbushwa kwamba zoezi la kupunguza watu bado halijafungwa. Alitoka pale anatabasamu. Wanaomjua wanajua kwamba Mama akitabasamu hivyo ni heri uhame mji.

Tukaenda kwa Wakili Jasmin Okal, mwenye ofisi ghorofani karibu na Makoroboi. Mimi nilikwenda kama mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, Nkwabi akaja na shati lake la kanisani. Wakili alitueleza kwa Kiswahili cha kawaida mambo ambayo, Mungu nisamehe, sikuwahi kudhani yapo. Alisema kuna sheria ya uuzaji wa bidhaa, ya tangu ukoloni, na haijafa. Ukimwambia muuzaji unataka kitu kwa kazi fulani naye akakuuzia, kitu kile lazima kiiweze kazi hiyo. Kitu kipya lazima kiwe kizima kama kipya kinavyopaswa kuwa. Kikiwa kibovu una haki ya kukikataa na kudai fedha yako, na kibao cha ukutani peke yake hakiwezi kuifuta sheria. Nilitaka kumkumbatia.

Kisha akatoa la pili. Haki ya kukikataa kitu inaponyoka ukishakifanya chako. Ukishakitendea kama mwenye mali, muuzaji atasema umekipokea na ubovu wake, na utabaki kudai fidia mahakamani, miaka nenda miaka rudi. Akatuuliza gari hili mmelifanya nini tangu lifike. Tukaangaliana. Mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba tumelipaka rangi. Nkwabi akaongeza kuwa tumeliandika jina. Mimi nikaona nimalizie na padri. Wakili akaweka kalamu chini.

Nilimtazama Mama. Mtu aliyekataa makoti, aliyekataa kila kitu kwa miaka yote hiyo, safari hii alikuwa ameshika kopo la rangi mwenyewe, na mwenzake ndiye angelipia. Macho yalimjaa machozi. Alisema mara moja tu, "Nimemponza Nkwabi." Nkwabi akamwambia, "Hapana, mama, jina nilichagua mimi."

Wakili alikuwa bado anawaza. Akauliza kama siku hiyo ya sherehe muuzaji alikuwepo, na kama alisema neno lolote. Tukamweleza habari ya binti na baba na mahari. Akauliza, na fedha ya mwisho alipewa lini, kabla ya maneno hayo au baada? Mama akainua kichwa. Baada, alisema. Baada ya firigisi, baada ya hotuba, mbele ya watu wote. Wakili akacheka, akaeleza kwamba kumbe muuzaji alitoa sharti lake mwenyewe, watu wakalisikia, na kwa sharti hilo akapokea fedha. Rangi ni yetu, lakini ahadi ya kurudisha ni yake, na aliitoa rangi ikiwa imeshakauka, anaiona. Akajitolea kufungua kesi. Mama akamshukuru, akasema mahakama anaiheshimu, ila mahakama ina foleni na mwisho wa mwezi hauna. Kwanza angekwenda kwa mkwe.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kazi, lilikuja trekta la rafiki yake Nkwabi wa kinu cha pamba. Mlinzi wa geti akasema ana amri ya meneja, foko lisitoke. Mama akamjibu kwamba kurudisha mali mbovu kwa aliyeileta kumo kwenye ajira yake tangu mwaka 1971, na meneja akitaka kuifuta ajira hiyo aje mwenyewe amwambie. Meneja hakuja. Geti likafunguliwa. Betri ilikuwa imejaa chaji hadi mwisho, Mama alihakikisha, asije mtu akasingizia umeme tena.

Basi tukaondoka Ilemela kuelekea Nyakato. Trekta mbele, Waache Waseme nyuma yake kwa mnyororo, na nyuma ya Waache Waseme sisi akina mama wa minofu na kanga zetu, tumebeba mikeka. Hatukupiga kigelegele hata kimoja. Anayejua anajua, bibi harusi hasindikizwi kimya hivyo. Watu wakatoka madukani kuuliza kuna msiba gani. Tukawajibu kwamba hakuna msiba, tunamrudisha binti kwa baba yake. Walicheka, na wengi wao wakatufuata.

Yadi ilikuwa na wateja tele. Mzee Otuoma akatoka nje, akaona foko, akaona mikeka inatandikwa mbele ya geti lake. Mama Kemilembe akasogea, akapiga goti, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Shikamoo, baba mkwe." Na mzee wa watu, kwa mazoea, akajibu, "Marahaba." Hapo hapo wateja wakaanza kunong'onezana. Akajikaza, akasema yale yalikuwa maneno ya sherehe tu, jamani. Mama akamuuliza kama na hundi nayo ilikuwa ya sherehe tu. Mzee akasema gari hili tumelitengeneza mara nyingi na mlikubali. Mama akamjibu, "Kumpeleka mgonjwa hospitali si kusema naupenda ugonjwa wake."

Mzee Otuoma akachemka. Akatangaza mbele ya watu kwamba gari ni zima, ubovu uko kwa dereva, na kwamba atalipanda yeye mwenyewe tuone. Akapanda. Akaliwasha, likaitika. Akachota jenereta jipya lililokuwa uani, akaliinua juu, akazunguka yadi nzima anatupungia mkono. Gari lilikwenda kama limetoka mbinguni. Nkwabi aliinamisha kichwa. Mzee akaona raha, akaamua kuzunguka mara ya pili, na safari hii atoke getini kabisa aje atuoneshe karibu. Alipofika katikati ya geti lake mwenyewe, gari likazima.

Halikwenda mbele, halikurudi nyuma, mikono haikushuka. Jenereta lake likaning'inia juu. Lori la mteja lililokuwa ndani likashindwa kutoka, pikapu iliyokuwa nje ikashindwa kuingia. Fundi akaja mbio, akabonyeza huku, akagonga kule. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Ndipo Nkwabi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akasogea, akavua kofia, akasema kwa adabu zote, "Mzee, labda ni mguu."

Jamani! Kilichofuata sitakiandika, maana uongozi uliomba heshima. Nitasema tu kwamba mzee mmoja wa Mara, aliyekuja kununua mashine ya kusaga, alimwita Mzee Otuoma kwa jina la nyumbani na kumwambia maneno kwa Kijaluo. Mimi Kijaluo sikijui. Nilichoona ni Mzee Otuoma akishuka taratibu kutoka kwenye kiti cha foko, akaja akakaa kwenye mkeka wetu, na akaomba maji ya kunywa. Akamwambia Mama, "Nimempokea binti yangu." Ahadi ni deni, na hiyo sifa yake nitampa: Jumatatu walikaa kwa Wakili Okal na fedha yetu ilirudi yote.

Nkwabi akarudi kazini bila doa. Meneja wa wakati ule alitueleza kwenye kikao jinsi uongozi ulivyopigania haki za kampuni, tukampigia makofi, tulikuwa na furaha, tungempigia makofi hata paka. Lakini wafanyakazi tunajua nani alikwenda Nyakato kwa miguu huku ajira yake ikining'inia. Cheka na nyani utavuna mabua, ndivyo Mama alivyotuambia tukirudi, na tangu siku hiyo hakuna tena aliyecheka na nyani hapa kiwandani. Ninyi mnaosoma haya mkiwa mmekalia redio mpya isiyoshika stesheni, mnasubiri nini? Kibao cha ukutani si sheria. Sheria ipo, na mikeka ipo.

Foko la pili tulilinunua kwa mtu mwingine mwaka 1996, na Mama akaweka kanuni ambayo imekuwa kanuni ya kiwanda: chombo kipya hakipakwi rangi, hakipewi jina, wala mbuzi haguswi, mpaka kimefanya kazi na kimeaminika. Nkwabi amekuwa akimwomba jina kila mwaka. Kila mwaka Mama anajibu bado anatazama. Mvua kubwa za mwaka jana zilipofurika hadi bohari, foko lile lilifanya kazi ndani ya maji bila kukohoa, na bado alisema anatazama. Kwa hiyo ndicho chombo pekee kandokando ya ziwa hili kinachofanya kazi mwaka wa tatu hakina jina, na wageni wanatushangaa.

Nitaje na zawadi, maana siri imeshavuja. Kamati ilimnunulia cherehani. Mama alisikia, akaomba kuiona kabla ya sherehe, akaishonea kipande cha kanga, akagundua inaruka nyuzi. Ikarudi dukani. Mwenye duka alipoambiwa ni ya nani, alileta nyingine kabla hatujamaliza kueleza. Mzee Otuoma naye amealikwa na ameahidi mbuzi. Firigisi ni yako tena, mzee wetu, ila safari hii tafadhali usihutubie.

Mama Kemilembe, umetulinda sisi watu wa chini kwa miaka ishirini na saba. Umetuvalisha makoti yenye pamba. Ulimrudishia Nkwabi usukani na mkate wa watoto wake, na ukatufundisha kukataa bila kutukana. Tunakushukuru kwa moyo wote, na wengine wetu hatutaweza kusema hivyo Alhamisi bila kulia, ndiyo maana nimeandika. Ukafike salama Kamachumu, ukae na wajukuu kwenye migomba yako, kahawa yako ipimwe kwa mzani wa haki, na afya isikupungukie.

Baada ya chakula utaombwa utoe kopo moja la rangi nyeupe bohari, iwe kazi yako ya mwisho. Nkwabi ameshika brashi tangu wiki iliyopita. Foko litapata jina lake, na jina ni KEMILEMBE. Wakili Okal tumemuuliza, akasema ukishakipaka kitu jina ukijua kilivyo, kimekuwa chako. Basi sisi tunakujua ulivyo. Tumekuona, tumekupokea. Na wakikuuliza huko Kamachumu imekuwaje umerudi nyumbani, waambie umekuja mwenyewe. Sisi hatukukurudisha.

Dorotea Luhaga
Idara ya Minofu, kwa niaba ya wafanyakazi wote